Waya Usio na Nguzo

Sauti ndiyo iliyotangulia. Ilitokea upande wa darajani, ikapanda na barabara ya maduka, sauti ya mtu anayelisha watoto wake kwa koo lake: "Maonyesho ya Ueno, jamani, maonyesho ya viwanda. Kuba la dhahabu. Maji yanayoruka juu. Mabibi wa Kizungu na kijibwa chao. Yanafunguliwa mwezi ujao, wewe yaone leo."

Nikausimamisha mkono wangu wa mpiga chapa. Chini ya kiganja changu palikuwa na karatasi mbichi iliyolala juu ya kibao cha mbao kilichochongwa, na kwenye karatasi hiyo kulikuwa na kuba la dhahabu, maji yanayoruka juu, mabibi wa Kizungu na kijibwa chao. Rangi ilikuwa haijakauka. Hakuna hata nakala moja iliyokuwa imetoka nje ya chumba kile.

Mohei, mchongaji wa vibao wa nyumba yetu ya uchapaji, naye alikuwa ameacha patasi. Alikaa mbele ya dirisha kama kawaida yake, na kile kishungi chake cha nywele ambacho serikali ilikuwa imeshawaambia watu wakikate.

"Umesikia?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Nimesikia."

"Kijibwa pia?"

"Kijibwa pia."

"Basi tumekwisha," akasema, akapuliza vumbi la mbao kwenye kibao chake.

Bwana Komakiya, mwenye nyumba na mwenye mali, aliingia muda si mrefu, kofia ya Kizungu kichwani na kimono kimelowa jasho mgongoni. Alikuwa ameinunua picha ile barabarani. Aliitandika mkekani kando ya yetu, akachuchumaa, na sisi tukachuchumaa naye, tukawa watu watatu tunaotazama mapacha.

"Niambieni hii ni nini."

"Ni picha yetu, Bwana," akasema Mohei.

"Soma pembeni."

Pembeni paliandikwa Masudaya, nyumba ya uchapaji inayoshindana na yetu. Jina la mchoraji halikuwepo.

Hapakuwa na njia ya kusema kwamba wamefanana nasi kwa bahati. Jumba la maonyesho pale Ueno lilizungushiwa ua wa mbao, na polisi wenye virungu walisimama langoni. Mchoraji wetu, Mwalimu Ransai, aliuliza habari kwa fundi seremala mmoja, akachukua kitu hiki na kile kutoka katika picha za ng'ambo, na kilichobaki akakitoa kichwani mwake. Hivyo ndivyo picha hizi zinavyotengenezwa. Ukisubiri jengo lifunguliwe ndipo uchore, utauzia nani? Kuba lilikuwa la Ransai mwenyewe. Siku alipolileta, Mohei alithubutu kuuliza kama jumba lile kweli lina kuba, na Bwana Komakiya akacheka. "Nani atapanda juu ya paa kwenda kukagua?" alisema. "Wanunuzi wetu wako mikoani. Wape kuba." Kwa hiyo aliyechora kuba lile lile, mahali pale pale, na kijibwa kile kile kinaiangalia chemchemi kana kwamba inakidai, alikuwa ameiona picha yetu. Na picha yetu ilikuwa imeonwa na watu wanne tu: Mwalimu, Mohei, Bwana Komakiya na mimi.

Bwana Komakiya hakumtazama Mohei. Alinitazama mimi.

"Shinroku. Mkuu wa wafanyakazi wa Masudaya alikununulia tambi mwezi uliopita, nje ya nyumba ya kuogea. Mke wangu alikuona."

"Alininunulia, nikala. Alitaka nihamie kwao. Nikamwambia mchuzi wake una chumvi kidogo, nikaondoka."

"Na shairi lako je?"

Nilijua tutafika hapo. Mimi sikufundishwa ushairi na mtu. Nilijifunza kwa kusoma vibao vya maduka, nyimbo za jukwaani na maandishi ya makaburini, na shairi likinijia silifungii ndani. Lile nililibandika ukutani pale pale kwenye nyumba ya kuogea, na mtaa mzima ukalijua kwa moyo:

*Tajiri wetu*
*hata kivuli chake*
*hukipangisha.*

"Lile ni shairi tu, Bwana. Halikuibiwa kutoka kwako."

"Mtu anayeniuza kwa maneno hashindwi kuniuza kwa karatasi." Akainuka, magoti yakalia. "Kesho asubuhi kuna kikao cha wachapishaji. Nitasimama na nitataja jina. Jina likitajwa pale, unajua mwenyewe, hakuna nyumba katika mji huu itakayokupa kibao. Utakwenda kubandika karatasi kwenye fremu za milango ya watu. Sasa sijaamua nitaje jina gani. Ila lako liko hapa, karibu na ulimi."

"Basi liteme leo ili nikujibu."

"Kesho," akasema. "Leo kuna joto."

Akatoka. Mohei alianza kunoa patasi isiyohitaji kunolewa.

"Ungenyamaza," akaniambia.

"Ninyamaze kama mwizi?"

"Mimi sijakushuku, ndugu yangu. Ila ukikimbia, nitakushuku."

Kunoa kwake kulikuwa kwa polepole mno. Nikavitazama vidole vyake na mimi nikaanza kufikiri. Karatasi za kuchongea vibao vya rangi zilipita kwa Mohei. Mohei ana binti wa kuozwa. Mohei hajawahi kuuliza jambo lolote kuhusu picha yoyote tangu nimjue, halafu juzi juzi tu akauliza habari za kuba. Hivi ndivyo shaka inavyofanya kazi: inakuonyesha mtu uliyekula naye wali jana, inakuambia mtazame tena.

Nilichukua ile picha ya Masudaya, nikaenda nayo mlangoni penye mwanga. Nje, mwuza picha alikuwa amefika mbele ya duka la mkabala na watu walimzunguka. Nikamsikia mama mmoja akisema, "Angalia, hata waya wa simu wameuweka. Hawa Masudaya wanakwenda na wakati."

Waya wa simu? Picha yetu haikuwa na waya.

Nikatazama. Kweli, kwenye anga ya buluu, nyuma ya kuba, ulipita mstari mwembamba kutoka ukingo mmoja wa karatasi hadi mwingine, umelegea kidogo katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Haukuwa na nguzo. Haukutoka popote, haukufika popote. Ulipita angani, ukaikata bendera iliyokuwa juu ya kuba, ukaendelea na safari yake. Na shairi likanijia pale pale, kwa hasira, kama yanavyokuja yote:

*Waya angani*
*hauna nguzo wala*
*wa kupokea.*

Lakini nilipofika mstari wa mwisho nilikuwa nimeshautambua waya ule. Haukuwa waya. Ulikuwa ujumbe, na aliyeandikiwa ujumbe huo ni mimi.

Mchoro wa mwalimu haubaki. Hubandikwa kifudifudi juu ya kibao, mchongaji akauchonga mpaka ukaisha. Kibao cha mistari mieusi kikiwa tayari, mimi hutoa karatasi chache za mistari mitupu, isiyo na rangi, na karatasi hizo hurudi kwa mwalimu. Huko huzitia alama kwa wino mwekundu, karatasi moja kwa kila rangi: hapa kijani, hapa manjano. Zote huenda kwa Mohei achonge vibao vya rangi. Zote isipokuwa ya anga. Anga huanza buluu iliyoiva juu na kufifia kidogo kidogo mpaka ikawa karatasi tupu, na kufifia huko hakuchongwi, ni kazi ya mkono wa mpiga chapa, na kitambaa chenye maji. Kwa hiyo kwenye karatasi ya anga mwalimu hupiga mstari mmoja tu mwekundu, kuniambia: ikome hapa.

Mchongaji wa Masudaya alibandika karatasi ya namna hiyo kwenye kibao chake. Karatasi ikishabandikwa kifudifudi na kupakwa mafuta ili mistari ionekane kwa nyuma, wino mwekundu ulioiva huonekana mweusi kama mwingine wowote. Na mchongaji mzuri akiona mstari anaufuata, hauulizi unakwenda wapi. Ameufuata kwa uaminifu kabisa, akaupa mji mzima waya wa simu.

Kwa hiyo Mohei hakuwa mwizi. Karatasi iliyoibiwa haikupita mikononi mwake. Ilikuwa karatasi ya anga, na karatasi ya anga ilikuwa ya mtu mmoja.

Niligeuka. Karatasi yangu ya anga ilikuwa bado ukutani, juu ya meza yangu, palepale nilipoichoma na pini. Mohei alikuwa anaitazama pia.

"Unatafuta nini?" akauliza.

"Sitafuti kitu."

"Mtu asiyetafuta kitu hatoi jasho hivyo."

Nikasimama katikati yake na ukuta. Kama Mohei angeliona lile nililoliona, na mchongaji wa miaka mingi kama yeye angeliona kabla hajamaliza kikombe cha chai ya shayiri, basi Bwana Komakiya asingehitaji kusubiri kesho. Nilikuwa nimepata ushahidi uliokuwa wazi kuliko wote, na ulikuwa ushahidi dhidi yangu. Nilifikiri kuichana. Nilifikiri kuila. Kisha kiburi changu kikanijia juu kikaniuliza kwa nini mtu asiye na hatia ale karatasi, nikaichomoa pini, nikaiweka karatasi yangu juu ya picha ya Masudaya mbele ya mwanga wa mlango ili zilingane.

Kuba juu ya kuba. Mbwa juu ya mbwa. Bendera juu ya bendera. Mstari wangu mwekundu ulipita juu ya bendera, haukuigusa. Wao ulipita katikati ya bendera.

Nikazisogeza, nikazipanga upya. Bado mistari ilikuwa miwili.

"Mohei," nikasema, "siku ile tulipopeleka karatasi kwa Mwalimu, si binti yake Onui alirudi?"

"Alirudi kweli. Alitaka nyingine moja. Alisema mzee kaimwagia chai."

"Ilikuwa ya anga."

"Nitajuaje mimi ilikuwa ya nini? Wewe ndiye uliyempa." Akanitazama mikononi. "Unakwenda wapi?"

"Kwa Mwalimu."

"Kwa Mwalimu," akarudia, kama mtu anayeonja kitu anachodhani kimechacha.

Ransai alikaa juu ya mteremko wa Yushima, nyumba nyembamba ya ghorofa moja. Njiani niligeuka mara mbili. Mara ya kwanza sikuona kitu. Mara ya pili niliona kishungi cha nywele kikijificha nyuma ya ndoo za mwuza tofu ya soya. Nikaendelea kutembea. Kama wanataka kunifuata, wanifuate, wataona mtu mwenye haki anavyotembea. Lakini nakiri kwamba nilitembea haraka.

Onui, binti yake Mwalimu aliyefiwa na mume na kurudi kwa baba, alikuwa uani akitandaza nguo juu ya mwanzi.

"Mshairi huyo," akasema. "Umekuja kubandika nini ukutani kwetu?"

"Mwalimu yupo?"

"Yupo, lakini hayupo. Siku zote hizi anakaa dirishani juu kama paka. Hali, haongei. Nimemwambia baba, kama unakufa niambie mapema, nina mashuka ya kufua."

Ransai aliteremka kabla sijaitwa. Alikuwa mtu mrefu aliyeanza kupinda, vidole vyake vina madoa ya wino ambayo hayajatoka tangu kabla sijazaliwa. Aliona karatasi mbili zilizokunjwa mkononi mwangu na akakaa chini barazani bila kunikaribisha.

"Masudaya wametoa picha yetu, Mwalimu," nikasema.

"Nimesikia kelele mtaani."

"Husikitiki?"

"Joto hili, mtu anasikitika kwa zamu."

"Ile karatasi ya anga ya kwanza," nikasema. "Iliyomwagikiwa chai. Naomba kuiona."

"Nimeitupa."

"Chai ilimwagikia upande gani? Kwenye kuba au kwenye maji?"

"Wewe kijana, umekuwa polisi siku hizi?"

"Chai gani?" Onui akasema kutoka kwenye nguo zake. "Baba hajagusa chai tangu joto lianze. Anakunywa maji ya kisima na sake, pombe yake ya mchele. Alinituma niseme chai, nikasema chai. Nilifikiri amekosea mstari anaona aibu."

Nyenje walikuwa wakilia kwenye mti wa jirani kwa nguvu ya kuumiza masikio. Ransai alimtazama binti yake, kisha akanitazama mimi, kisha akainuka.

"Njoo juu," akasema.

Nilisita. Sikujua ananiitia nini. Mtu aliyebanwa ana mambo mengi ya kufanya katika chumba cha juu, na mimi nilikuwa nimeshika kitu pekee kilichoweza kuniokoa. Nikaziingiza karatasi kifuani, ndani ya kimono, nikapanda nyuma yake.

Chumba kilikuwa tupu. Meza, brashi, mto mmoja wa kukalia, na mto huo ulikuwa umewekwa dirishani. Akanionyesha niukalie. Dirisha lile lilitazama kilima cha Ueno. Miti, halafu ua wa mbao, halafu jumba la maonyesho lenyewe, jipya, jeupe, na madirisha yake mengi yamepangwa kama meno. Majukwaa ya mafundi yalikuwa yameondolewa.

"Unaona nini?" akauliza nyuma yangu.

"Naona jumba."

"Juu yake?"

"Paa. La vigae. Na kijisanduku cha saa katikati."

"Na kuba?"

Nikatazama vizuri, kwa heshima. Paa lile lilikaa juu ya jengo kama kofia ya tarishi wa posta.

"Sioni, Mwalimu."

"Mimi nalitafuta tangu siku walipoondoa majukwaa." Alikuja akasimama kando yangu. "Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa nimekaa hapo na karatasi yako ya anga, nimeshika brashi, nimeanza kupiga mstari, nikainua macho. Mkono ukashuka. Ukakata bendera."

Nikazitoa zile karatasi kifuani. Hakuzitazama.

"Nimechora mji huu miaka mingi kuliko umri wako," akasema. "Madaraja, majumba ya michezo, stesheni ya treni. Mtu anatoka mkoani, picha yangu mkononi, anafika, anakuta daraja liko pale nilipoliweka. Hilo ndilo jina langu. Siyo yale maandishi ya pembeni. Sasa mwezi ujao watakuja kwa maelfu kuangalia mashine za kufuma na bustani za maua, watasimama langoni, watainua picha ya Ransai, watainua macho, halafu watacheka."

"Bwana Komakiya hajali. Alisema mwenyewe."

"Komakiya anauza karatasi. Mimi ninajali."

"Ukaipeleka kwa Masudaya."

"Niliipeleka mwenyewe, jioni, nimefunika kichwa. Sikutaka senti. Niliomba kitu kimoja tu, wasiweke jina." Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na katika tabasamu lile niliona kwamba wazo lake lilikuwa bado linampendeza. "Fikiri. Picha moja yenye kuba, mchoraji ni mwongo. Picha mbili zenye kuba, kutoka nyumba mbili zisizosalimiana hata msibani, hapo mtu akisimama langoni haanzi kumshuku mchoraji. Anaanza kulishuku jengo. Atasema, lilikuwepo, wamelibomoa. Atasema, limetengenezwa, litapandishwa kesho."

Lilikuwa wazo zuri. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

"Na mimi?" nikasema.

"Wewe vipi?"

"Karatasi ya anga ni ya nani katika nyumba ile? Kesho asubuhi Komakiya atataja jina kikaoni. Aliniambia lipo karibu na ulimi. Mwalimu, ulipofunika kichwa ukatoka hapa, ulifikiri nani atalipa?"

Alilifikiria swali langu kwa uaminifu. Niliona akilifikiria.

"Sikukuwaza," akasema.

Ningeweza kumsamehe mtu aliyenichukia. Nilisimama, na nadhani nilisema maneno ambayo kijana hamwambii mzee nyumbani kwake. Nilimwambia kwamba jina langu halijawekwa pembeni mwa picha hata moja, lakini ni jina. Nilimwambia kwamba nitakwenda kikaoni na karatasi zangu mbili, nitazilaza moja juu ya nyingine mbele ya wachapishaji wote, nitawaonyesha bendera, halafu nitawaleta kwenye dirisha hili waone paa. Nitalisema lote, kuanzia kuba mpaka kofia ya tarishi.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Litaje jina langu," akasema. "Ni haki yako. Lakini sema niliuza."

"Hukuuza."

"Sema niliuza kwa sake. Mchoraji mlevi ana wenzake wengi mjini hapa, watamlaani mwaka mmoja, halafu mtu atamwonea huruma ampe kazi ya kuchora pepeo za mkononi. Lakini mchoraji asiyejua jengo lina umbo gani yuko peke yake."

Nikamtazama, na shaka yangu ikarudi ikakaa mahali pake. Nikisema aliuza, Masudaya watasema hawajamlipa mtu, na watakuwa wanasema kweli. Nani ataonekana mwongo hapo? Kijana wa tambi na mashairi ukutani. Labda mzee alikuwa ananiandalia karatasi nyingine ya anga, na safari hii akiniwaza sana.

"Hapana," nikasema. "Sitasema mimi. Utasema wewe. Utakaa mkekani kwa Komakiya kabla hajaenda kikaoni, useme kwa kinywa chako. Mimi kazi yangu itakuwa kuitikia."

"Na kuba?"

"Kuba nitaamua."

"Utaamua," akasema taratibu. "Wewe uliyempiga mtu ngumi majira ya kuchipua kwa sababu alikuambia nyenje katika shairi lako analia mwezi ambao nyenje wote bado wako ardhini."

"Nilimsikia."

"Nani?"

"Nyenje yule. Nilimsikia."

"Bila shaka," akasema Ransai. "Na mimi niliona kuba."

Hakusema kwa dhihaka. Alisema kama mtu anayesogea mkekani ili mwingine apate pa kukaa. Mimi niligeukia dirisha. Huko Ueno mtu mmoja alikuwa amepanda juu ya lile paa, mdogo kama chawa, anafuta uso wa saa.

"Shinroku." Ilikuwa sauti ya Mohei, kutoka langoni. "Teremka. Bwana kanituma nikuangalie usije ukakimbilia kwa Masudaya, na mimi nimechoka kukaa nyuma ya ndoo za tofu, yule mzee ananiuliza ninanunua au sinunui. Umepata nini?"

Tuliteremka. Onui alikuwa amempa maji, naye Mohei alikuwa ameshika kikombe bila kunywa, anatutazama mmoja mmoja, kama anavyotazama mbao kabla hajaikata, anatafuta ilipopasuka.

"Nimekuta mwenye karatasi," nikasema.

"Nani?"

Nilimsubiri Ransai aseme mwenyewe. Alichelewa kuvaa ndara, akavaa ya kushoto, akaivua, akaitikisa, na nikadhani sasa ndipo atakaponigeuka, ndipo atakaposema kijana huyu amekuja kunitishia. Hasira ilikuwa tayari imeshanipanda.

"Ni mimi," akasema Ransai akiwa ameinama. "Niliwauzia Masudaya. Kwa sake."

Onui akaacha shuka likaanguka. Mohei hakushtuka. Alimtazama mzee kwa muda, kisha akanitazama mimi, kisha macho yake yakapanda mpaka kwenye dirisha la juu na kubaki pale.

"Mwalimu Ransai," akasema, "wewe ukinywa unanunua mwenyewe. Sijawahi kukuona ukipokea hata kikombe cha mtu." Akanigeukia. "Ni kweli hii, ndugu yangu? Ni kwa sake tu? Hakuna kingine huko juu?"

Ransai aliinua uso. Hakuniomba kitu. Nadhani hakujua kuomba. Alisubiri tu, kama mimi ningesubiri, mgongo umenyooka kadiri ulivyoweza.

Nikazikunja zile karatasi mbili pamoja, bendera juu ya bendera, nikazirudisha kifuani. Nikamgeukia mzee na kusema kwa sauti ambayo hata mwuza tofu aliisikia:

"Mwalimu, kesho jua likitoka nitakuja kukuchukua mwenyewe, twende kwa miguu mpaka kwa Komakiya. Ukiwa hapa unanisubiri, basi lolote nitakaloulizwa juu ya karatasi hizi, leo na kesho na nikiwa mzee kama wewe, nitajibu moja tu: ni kwa sake."